Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita

Katika Kiswahili neno "mzinga" hubeba maana mbili ambazo mgeni wa lugha hii asingedhani zina undugu. Gogo lililochimbwa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki wafanye makao ni mzinga. Chombo cha chuma kinachopigia makombora vitani nacho ni mzinga. Wahenga walioazima jina la kimoja wakakipa kingine walitazama umbo, yaani kitu chenye uwazi ndani na mdomo mbele. Lakini pengine walitazama pia tabia, kwa maana vyote viwili vikichokozwa hutoa kitu kirukacho na kuumiza watu wengi kwa mara moja. Katika nchi ya Unyaturu, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Singida, maana hizo mbili zilikutana mwanzoni mwa karne ya 20, na kukutana kwake hakujapewa uzito unaostahili, wala katika madarasa wala katika ofisi za Serikali.

Aliyezikutanisha ni mwanamke aitwaye Liti. Jina lake limewekwa juu ya uwanja wa mpira wa mjini Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, na wanafunzi wengi wa mkoa huo wanaweza kueleza kwa sentensi mbili alikuwa nani: mama wa Kinyaturu aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki. Simulizi za wazee zinasema kwamba wakoloni walipoingia na askari wao ili kuwatiisha wananchi, Liti aliwaongoza wenzake kuwakataa, na kwamba silaha yake kubwa ilikuwa makundi ya nyuki aliyowaachia askari hao hadi wakatawanyika. Zinasema pia kwamba mwishowe aliuawa na wakoloni hao hao.

Simulizi hiyo haina ubaya. Ubaya uko katika namna inavyotolewa. Mara nyingi husimuliwa kama muujiza, jambo la uganga na maneno ya siri, kiasi kwamba mtoto anayeisikiliza hubaki na mshangao lakini hapati elimu. Akifika kidato cha kwanza, akafundishwa kwamba vita ni sayansi na viwanda, humweka Liti kando pamoja na hadithi za sungura na fisi. Huo ni udhalimu wa aina yake, kwa sababu alichotumia Liti kinaweza kuelezwa hatua kwa hatua, bila kupunguza hata chembe ya ushujaa wake.

Na kielezwe, basi. Singida ni nchi ya nyuki tangu kale. Kichaka cha Itigi katika Wilaya ya Manyoni na misitu inayokizunguka hutoa asali ambayo sifa yake imefika mbali nje ya mkoa, na mzinga wa gogo ni chombo ambacho babu alimrithisha mjukuu pamoja na ujuzi wa kuutundika, kuufukizia moshi na kujua saa ya kuukaribia. Nyuki wa Afrika ya Mashariki ni mkali kuliko yule wa Ulaya. Nyuki mlinzi anapochoma, mwiba wake wenye vijino hubaki ndani ya ngozi na yeye mwenyewe hufa. Lakini pale alipochoma huacha harufu inayofanana na ile ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo baragumu inayowaita wenzake waje wachome mahali pale pale. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuchomwa huwa alama ya shabaha. Akikimbia katikati ya wenzake, huwapelekea adui. Akijipigapiga mwilini, huzidisha hasira.

Sasa fikiria msafara wa kijeshi wa wakati ule, ukipita katika njia nyembamba ya vichakani: askari mmoja nyuma ya mwenzake, wapagazi na mizigo vichwani, punda wawili watatu. Bunduki zao zilikuwa bora kuliko silaha yoyote iliyokuwapo Unyaturu, na bunduki ya rashasha ya Maxim ingeweza kufagia uwanda mzima. Lakini rashasha hailengi nyuki. Mtu aliyezijua tabia za wadudu hao, akajua upepo unavuma wapi na jua limefika wapi, alikuwa na silaha ambayo jeshi la Kaisari halikuwa na dawa yake. Ujuzi huo ulipatikana kwa kutazama nyuki miaka mingi na kurithishana yaliyoonekana, na jina lake la haki ni sayansi ya vita.

Mwenye shaka na aitazame Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walianza kushusha huko kikosi cha askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken, wakitarajia kuuteka mji kama mtu achumaye embe. Wajerumani chini ya Kanali von Lettow-Vorbeck walikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Katika mapigano ya tarehe 4, risasi zilipasua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, na nyuki wakatoka kwa hasira wakawachoma watu wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Vikosi vya Kiingereza, ambavyo tayari vilikuwa vimechanganyikiwa, vilizidi kuvunjika. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800 waliouawa na kujeruhiwa, wakaondoka kwa meli wakiacha pwani mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi laki sita. Baadaye ilivumishwa huko kwao kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyuki makusudi. Haikuwa kweli. Lakini uvumi wenyewe unafundisha: jeshi la dola kubwa liliona si aibu kukiri kwamba nyuki ni silaha. Kwa nini basi mwalimu wa Singida aone haya kulifundisha jambo hilo hilo kwa uzito?

Liti, kwa hakika, anaingia katika ukoo mrefu wa watu waliotafuta namna ya kumrushia adui kitu ambacho si jiwe wala mkuki, kitu ambacho kikifika hupasuka na kudhuru kila aliye karibu. Huko Ulaya ya zama za kati mizinga ya nyuki ilirushwa juu ya kuta za miji iliyozingirwa. Watu wa dola ya Bizanti walijaza vyungu vya udongo mchanganyiko uwakao, wakavitupa katika merikebu za maadui zao. Wachina, ambao ndio walioanza kutengeneza baruti, walikwisha kuandika habari zake katika kitabu cha mambo ya vita mnamo mwaka 1044, na Wamongoli walipouzingira mji wa Kaifeng mwaka 1232 walikutana na mabomu ya chuma yenye ngurumo. Wamongoli nao walijifunza. Walipoivamia Japani mwishoni mwa karne hiyo walibeba mabomu ya udongo, na mengine yameopolewa baharini katika mabaki ya merikebu zao karibu na kisiwa cha Takashima.

Wazungu walilipa bomu la mkono jina la tunda. Mpira wa chuma uliojaa chembe za baruti uliwakumbusha komamanga lililojaa punje, na neno la Kifaransa la komamanga ndilo lililozaa neno "guruneti" linalosikika leo katika taarifa za habari za Kenya na kwingineko. Mwaka 1667 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliagiza kwamba kila kombania katika rejimenti yake iwe na watu wanne wa kutupa mabomu hayo. Walichaguliwa warefu na wenye nguvu, kwa kuwa mpira ulikuwa mzito, na wenye moyo mgumu, kwa kuwa utambi uliwashwa kwa moto na haukuaminika. Ukiwahi kulipuka, aliyekufa ni mtupaji. Mabomu yenyewe yalipotea katika majeshi kwa muda wa karne nzima na zaidi, lakini vikosi viliendelea kuitwa kwa jina hilo kwa heshima tu, mfano wa mtu aitwaye Fundi ambaye hajashika randa tangu ujana wake.

Yaliyolirudisha bomu la mkono ni mahandaki. Katika vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905, mjini Port Arthur, askari walikaa ardhini wakitazamana kwa umbali wa hatua chache, na risasi ikawa haifai kitu kwa mtu aliyejificha nyuma ya udongo. Walitupiana mabomu yaliyofinyangwa papo hapo kwa makopo na mabomba. Mabalozi wa kijeshi wa Ulaya waliona, wakaandika ripoti, na ripoti nyingi zikalala makabatini, jambo ambalo mtumishi yeyote wa umma analielewa bila kuelezwa zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wa Kiingereza walijikuta katika mahandaki ya Ufaransa na Gallipoli hawana mabomu ya kutosha. Wakachukua makopo ya jemu, wakayajaza baruti na misumari, wakatia utambi. Dola iliyokuwa na manowari kubwa kuliko zote duniani ilipigana kwa makopo ya jemu.

Mwaka 1915 mwenye kiwanda mmoja wa mji wa Birmingham, William Mills, alileta bomu lililobadili mambo. Lilikuwa yai la chuma cha kusubu, zito karibu robo tatu za kilo, lililotoshea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na springi iliyobanwa na wenzo wa nje. Wenzo ulizuiwa na pini. Askari alishika wenzo, akachomoa pini, akatupa. Lilipotoka mkononi wenzo uliruka, springi ikafyatuka, na baada ya sekunde chache bomu likalipuka. Miraba iliyochorwa juu ya ganda lake, ambayo watu wengi hudhani iliwekwa ili chuma kikatike vipande sawa, mbuni wake aliiweka ili mkono wenye tope usiteleze. Mabomu ya Mills yaliyotengenezwa kwa miaka iliyofuata yalihesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Wajerumani nao walikuwa na lao lenye mpini wa mti mfano wa mchi mdogo, ambalo mpini wake uliongeza nguvu ya mkono.

Katika habari hiyo yote neno la kukamata ni "sekunde chache". Kabla ya hapo kutupa bomu ilikuwa kazi ya watu wateule. Tangu hapo ikawa kazi ya mtu yeyote aliyefundishwa kwa nusu siku, na baadaye hata ya yule ambaye hakufundishwa. Bei ilishuka, uzito ukashuka, na akili iliyotakiwa kwa mtumiaji ikashuka pia. Linganisha na nyuki. Ili kumrushia mtu nyuki ilikupasa uwe umeishi nao, ujue msimu, ujue moshi, uvumilie kuchomwa. Ujuzi ulikuwa ndani ya mtu. Katika bomu la Mills ujuzi ulihamia ndani ya chuma, na mtu akabaki na kazi ya kuchomoa pini.

Vita hiyo iliyozaa bomu la Mills ilipita Singida nayo. Mwezi Aprili 1916 Jenerali van Deventer aliitwaa Kondoa, na mwishoni mwa Julai vikosi vyake viliishukia Reli ya Kati, vikaingia Dodoma na Kilimatinde, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao la miaka mingi. Hapa Afrika ya Mashariki mahandaki ya kudumu yalikuwa machache, kwa hiyo mabomu ya mkono hayakutawala kama huko Ufaransa. Kilichowaua wananchi kilikuwa kingine: upagazi, kunyang'anywa ng'ombe na nafaka na majeshi ya pande zote, na kisha njaa ya Mtunya iliyoiangamiza Ugogo, Manyoni ikiwamo, tangu mwaka 1917 hadi 1920. Wanaopenda kuhesabu vita kwa silaha zake hawana budi kuikumbuka Mtunya.

Vijana wa Tanganyika walilishika bomu la mkono kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili, walipopelekwa na King's African Rifles kupigana Uhabeshi, Bukini na mwishowe Burma. Katika bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye misitu ambamo adui hakuonekana hata akiwa hatua 20 mbele, bomu hilo lilikuwa rafiki wa karibu kuliko bunduki. Waliorudi walileta nishani na maneno machache. Wengi wao hawakupenda kuyasimulia mambo hayo, na shule hazikuwauliza. Leo karibu wote wamekwisha kufariki.

Baada ya hapo bomu la mkono likaacha kuwa mali ya majeshi peke yake. Liliingia katika kila vita ya eneo la Maziwa Makuu, kwa kuwa ni dogo, hufichika mfukoni, halihitaji risasi wala mafuta. Burundi iliona miaka ambayo mabomu hayo yalitupwa katika baa na masoko ya Bujumbura. Nairobi iliyaona katika vituo vya mabasi tangu Oktoba 2011. Arusha iliona la kwake tarehe 15 Juni 2013, katika mkutano wa hadhara wa kisiasa kwenye viwanja vya Soweto, na watu waliokwenda kusikiliza hotuba wakafa. Hakuna mahandaki katika kituo cha basi. Silaha iliyobuniwa kumfikia adui aliyejificha imegeuka kuwa silaha ya kumfikia mtu asiyejificha wala asiye adui.

Hapo ndipo habari hii inapomgusa mwalimu wa Singida moja kwa moja. Nyuki wa Liti, vita ikiisha, hurudi mtini, na msimu ukifika hutoa asali. Bomu lisilolipuka halina pa kurudi. Hukaa chini ya udongo au kichakani, springi yake ikiwa imebanwa, likisubiri mkono wowote. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, mwanafunzi alifika shuleni na kitu cha chuma alichokuwa amekiokota. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule alidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kilikuwa bomu la mkono. Wanafunzi watano walikufa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa.

Ngara iko mpakani na Burundi na Rwanda. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na katika misukosuko ya miaka ile na iliyofuata silaha nazo zilivuka. Kwa hiyo mtu wa Singida anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mpakani. Asiseme hivyo upesi. Barabara kuu inayotoka Rusumo hupita Kahama, Nzega na Igunga, ikaingia Singida kabla ya kushuka Manyoni, Dodoma na pwani. Chuma chakavu kinachokusanywa magharibi na kupelekwa katika viwanda vya Dar es Salaam hakina njia nyingine iliyo fupi. Malori hulala, mizigo hupakuliwa na kupakiwa, vipande huanguka, na watoto wenye gunia na sumaku huzunguka. Bei ya chuma kwa kilo ni elimu ambayo mtoto wa miaka kumi huipata mapema kuliko elimu ya uraia.

Wala hatari haitoki ng'ambo ya mipaka peke yake. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, iliua kila mmoja watu zaidi ya 20, na kwa siku nyingi baadaye wananchi walikuwa wakiombwa wasiguse vipande vilivyotapakaa katika nyua zao. Vyote havikuokotwa na mamlaka siku ya kwanza. Baadhi ya vyuma hivyo vilionekana na watoto kabla ya kuonekana na askari, na hivyo ndivyo ilivyo mahali popote duniani penye mabaki ya vita.

Nchi ya Tanzania haikukosa ujuzi katika jambo hili. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa baruti ya TNT iliyofukiwa ardhini, na panya waliofundishwa huko wamesaidia kuisafisha Msumbiji, iliyotangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2015. Huko Kroatia watafiti wa Chuo Kikuu cha Zagreb wamewafundisha nyuki kazi hiyo hiyo, kwa kuchanganya harufu ya TNT na maji ya sukari hadi nyuki wakadhani palipo na baruti pana chakula. Mnyaturu akiambiwa kwamba Wazungu wanawatuma nyuki kutafuta mabomu, ana haki ya kutabasamu.

Hata hivyo panya wala nyuki hawawezi kukagua kila gunia la chuma chakavu mkoani. Kinga ya mtoto ni kutambua. Na hapo ndipo upungufu ulipo. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kuhusu nyoka, umeme na maji ya mto uliofurika. Kuhusu bomu, yule aliyebahatika huambiwa sentensi moja, baada ya msiba kutokea mahali pengine. Hajawahi kuonyeshwa picha. Hajui kwamba bomu la mkono laweza kuwa na umbo la yai, la kopo au la mchi. Kwamba kutu hailiui. Kwamba lililokaa miaka 30 laweza kuwa hatari kuliko jipya. Kwamba kulipiga kwa jiwe ili kuona lina nini ndani ndiyo njia ya mkato ya kaburini. Hajaambiwa kwamba akiliona asiliguse wala asilizungushie mawe, aondoke kwa njia aliyojia, aweke alama mbali nalo kidogo, kisha amwambie mtu mzima, naye mtu mzima awaambie polisi.

Wako wanaosema kwamba kumwonyesha mtoto picha za mabomu ni kumtia hofu, au mbaya zaidi, kumpa wazo. Hoja ya kwanza ina ukweli kidogo. Hofu ipo, lakini kumwonyesha mtoto nyoka aina ya kifutu kunatia hofu vilevile, na hakuna mwalimu aliyewahi kulalamika. Hoja ya pili haina msingi, kwa kuwa somo linalotakiwa ni la kutambua na kuondoka, na hakuna mtu aliyejifunza kutengeneza kitu kwa kuambiwa akikimbie. Nchi zilizopata taabu kubwa zaidi, Msumbiji na Angola zikiwamo, zilifundisha watoto wao hivyo kwa michoro ya ukutani na nyimbo, na hazikujutia.

Kwa watumishi wa halmashauri kazi ni ya aina nyingine. Biashara ya chuma chakavu hutolewa leseni, na mwenye leseni anaweza kutakiwa asinunue kutoka kwa mtoto, awe na mtu anayejua kukagua mzigo, na abandike ukutani picha ya vitu asivyopaswa kuvipokea. Hakuna lolote katika hayo linalohitaji fedha za wafadhili. Afisa Biashara anaweza kulifanya siku anapohuisha leseni. Mtendaji wa Kata anaweza kulikagua anapopita sokoni. Likiachwa, mtoto ataendelea kulipwa kwa kilo, na mizani ya dukani haijui tofauti ya bomba la baiskeli na bomu.

Somo la Liti na somo la bomu yanaweza kufundishwa kwa wiki moja, katika darasa moja, na mwalimu yule yule. Siku ya kwanza mzee mfuga nyuki aalikwe shuleni na mzinga wake mtupu wa gogo, awaeleze watoto kwa nini haukaribiwi mchana wa jua kali, harufu gani huwachokoza nyuki, na aliyechomwa akimbilie wapi. Wazee wa namna hiyo wapo Ilongero, wapo Ikungi, wapo Itigi, ingawa idadi yao hupungua kila mwaka na waliyoyajua juu ya Liti kwa kusikia kutoka kwa bibi zao bado hayajaandikwa yote. Siku ya pili aalikwe askari polisi na picha zake. Watoto watauliza wenyewe swali linalounganisha mambo hayo mawili, na mwalimu hatahitaji kuwaandikia ubaoni.

Kuhusu gharama, mzee wa nyuki atataka nauli na chai. Askari ana usafiri wake.